Mlango wa Darasa



Juma lililopita tulialikwa katika shule ya msingi iliyo jirani na parokia yetu, tukahudhuria kikao cha Jumuiya ya Kujifunza. Baadhi yenu mmekwisha kusikia habari za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Katika mpango huo walimu hawangojei semina ya mbali. Hukutana shuleni kwao na kuchambua kwa pamoja mada inayowatatiza. Wajapani wanayo desturi ya namna hiyo tangu karne ya 19.

Siku hiyo mwalimu mmoja wa hisabati, mama aliyefundisha miaka mingi, alisimama mbele ya wenzake akasema, "Jamani, hapa nimeshindwa." Akaandika ubaoni 1/2 + 1/3, kisha jibu walilompa wanafunzi wake wengi: 2/5. Watoto walikuwa wamejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Kanuni ya kigawe kidogo cha shirika alikwisha kuwafundisha mara tatu, waliikariri, wakaisahau.

Hakuna aliyecheka. Kijana aliyeajiriwa juzi tu akasema kwa unyenyekevu, "Mama, labda tuwaulize kwanza: nusu ya chapati ikiongezewa theluthi, yaweza kupungua?" Maana 2/5 ni pungufu ya nusu. Wakachukua ukanda wa karatasi, wakaukunja sehemu sita zilizo sawa. Nusu ni vipande vitatu, theluthi ni viwili; jumla ni vitano kati ya sita. Wakapatana kwamba Alhamisi mama yule afundishe hivyo, nao wenzake waketi nyuma ya darasa, si kumkagua yeye, bali kuwatazama watoto wanapokwama. Tumeambiwa kwamba wengi walielewa. Wachache bado, na hao ndio ajenda ya kikao kijacho.

Ndugu zangu, tulitoka pale kimya. Kabla ya kuwa paroko tulifundisha Kilatini katika seminari ndogo. Tulifunga mlango wa darasa, tukafundisha jinsi tulivyofundishwa. Kijana mmoja alifeli mihula miwili mfululizo. Tukaandika katika taarifa yake neno "mvivu", naye akarudishwa nyumbani. Hakuna mwenzetu aliyepata kuketi nyuma ya darasa letu, wala hatukumwomba yeyote. Hata leo hatujui kama aliyeshindwa alikuwa yeye au sisi.

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana Nairobi, wakaweka mkazo katika kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Tumezizoea mno, hata tumesahau ugumu wake: kuketi na jirani na kumwonyesha mahali tulipokwama. Walimu wale wametukumbusha.

Basi, wazazi, mkisikia kwamba walimu wamekaa kikao mchana, msiseme wanakwepa kazi. Hiyo nayo ni kazi, tena ngumu. Nasi tumemwomba katekista wetu aketi nyuma ya kanisa Jumapili hii, awatazame waumini wakati wa mahubiri, kisha atuambie bila kutuficha ni wapi walipoacha kutuelewa. Tunakiri kwamba tunaliogopa jibu lake.

Tuwaombee walimu wetu. Mungu awabariki nyote.