Wimbo wa Binti na Kahawa ya Baba

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa katika milima ya Mbinga, anayajua magoma vizuri. Mwaka mmoja ada ya shule ilimbana, akamwuzia mfanyabiashara kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Msimu ulipofika, alichuma kahawa isiyokuwa yake tena.

Hakudhani angeyakuta magoma kwenye simu ya binti yake.

Binti huyo ana miaka 17. Alikulia kwa shangazi yake Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, akiangalia akina mama wakicheza kioda. Wimbo wake wa kwanza ulirekodiwa studio bila malipo. "Usijali mdogo wangu, nitaupandisha YouTube mwenyewe," prodyuza alimwambia. Akafungua chaneli kwa barua pepe yake. Wimbo ukapendwa, ukapigwa mpaka kwenye harusi. Binti alipotaka kuweka wimbo wa pili, akakwama.

"Baba, siwezi kuingia. Neno la siri analo yeye."

"Na pesa ikipatikana?"

"Itaingia kwake."

Mzee alinyamaza kidogo. "Mwanangu, hayo ni magoma."

Walikwenda studio pamoja. Prodyuza naye alikuwa na lake: umeme, mdundo na muda wake, nani angelipa? Hakukuwa na karatasi yoyote. Wimbo ule wakamwachia.

Kwa wimbo wa pili mzee alilipia studio kwa fedha za kahawa. Safari hii waliandikiana: nani katunga, nani katengeneza mdundo, nani atapata nini. Chaneli ikafunguliwa kwa barua pepe ya binti. Kwa kuwa hajafika miaka 18, malipo yakija yatapitia kwa mzazi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi ana haki hata kabla ya kusajili kazi yake. Hata hivyo wamepanga kuisajili COSOTA, kwa sababu ubishi ukitokea, cheti kina nguvu kuliko maneno.

Pesa bado. Ili kupata mgawo wa matangazo, YouTube hutaka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Binti hajafika hata nusu. Kwa hiyo anatuma kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp, anaimba kwenye sherehe, na asubuhi anamsaidia baba yake shambani.

Mzazi, si lazima uujue muziki wa mwanao, wala kuupenda. Muulize tu maswali matatu: chaneli imefunguliwa kwa barua pepe ya nani, pesa itaingia kwa nani, na makubaliano yako wapi. Akisita kujibu, vaa viatu uende naye studio.

Mzee wa Mbinga bado hajui kupandisha video. Ila anajua kahawa haiuzwi ikiwa mtini.