Kuvundika

Kiswahili kina kitenzi ambacho sijakikuta katika vitabu vyangu vya biolojia: kuvundika. Ni kulifunika tunda lililokomaa ili liive. Si kulipika, wala si kulisubiri tu. Ni kazi ya katikati, na mama yangu ameishi kwa kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, akiuza ndizi kisukari huku kwetu Kilimanjaro. Ada zangu zote zilitoka shimoni.

Shimo lenyewe linafika kiunoni, limetandikwa majani makavu ya mgomba. Mikungu inapangwa, inafunikwa kwa majani na udongo, na pembeni unaachwa mwanya wa kupitishia moshi. Kabla ya kufunika, Mama hutia ndani ndizi mbili tatu zilizokwisha kuiva. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, “Zinaziambia nyingine.”

Chuo kikuu nikakuta jambo lile lile kwa majina mengine. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, mwanafunzi huko St Petersburg, alieleza habari ya miche ya njegere iliyooteshwa gizani maabarani. Ilikuwa mifupi, minene, na ililala ubavu badala ya kupanda juu. Kwenye hewa safi ilinyooka. Akaifuatilia sababu hadi kwenye gesi ya taa, na ndani ya gesi hiyo akaikamata ethilini. Mwaka 1934 Richard Gane, Mwingereza, akathibitisha kwamba tufaha linaloiva huitoa lenyewe. Na moshi wa shimoni nao una ethilini.

Zile njegere nazipenda kuliko ndizi, Mama asinisikie. Seli ambazo zingerefuka hutanuka kwa upana, kwa sababu nyuzi za selulosi katika kuta zake hubadili mpangilio. Mche ulio chini ya udongo mgumu hutoa ethilini, shina likanenepa na kupata nguvu ya kusukuma. Ukitokeza juu, gesi hutawanyika na shina likaendelea kurefuka.

Watu hudhani homoni inafika na kuwasha taa. Ethilini hufanya kinyume, na ilinichukua muhula mzima kulizoea hilo. Kipokezi chake hufanya kazi wakati gesi haipo: kinakanyaga breki. Gesi ikifika na kujishika kwenye chembe ya shaba iliyomo ndani ya kipokezi, breki inaachiwa. Protini iitwayo EIN3, ambayo muda wote ilikuwa ikitengenezwa na kuvunjwa, ikitengenezwa na kuvunjwa, sasa haivunjwi. Inajaa katika kiini cha seli, inaishika DNA, na jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa, nyingine moja kwa moja, nyingine kwa kupokezana. Vinatengenezwa vimeng’enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, vya kulegeza kuta za seli, vya kuondoa ukijani wa ganda. Humo zimo pia jeni za kutengeneza ethilini yenyewe. Ndizi moja inatoa gesi, jirani yake anaipokea naye anatoa yake. Zinaziambia nyingine.

Mwaka juzi wanunuzi wa jumla walianza kumlalamikia Mama kwamba shimo lake linachelewa. Sokoni wapo waliokwisha kuhamia kwenye kabaidi, yale mawe ya kijivu ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakipata unyevu hutoa asetilini, gesi inayofanana na ethilini kiasi cha kukidanganya kipokezi, ingawa nguvu yake ni ndogo sana. Ganda linakuwa la njano la kupendeza huku ndani wanga haujamaliza kugeuka. Tena kabaidi ya viwandani inaweza kuwa na mabaki ya arseniki na fosforasi.

“Wewe uliyesoma,” aliniambia, “nitie au nisitie?”

Nikamwambia asitie, nikamweleza habari ya arseniki. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza dawa zake za presha zitanunuliwa na nani wateja wakiisha. Nikasema mimi. Hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Mwanamke aliyesomesha watoto wanne hataki kutumiwa hela kwa simu kila mwezi ili aendelee kuwa mwaminifu. Anataka ndizi zake ziuzike.

Ulaya ndizi hufika mbichi kwa meli, zikavundikwa katika vyumba vilivyofungwa, kwa ethilini safi na joto linalopimwa. Ni shimo la Mama lenye umeme. Hatuna chumba hicho wala bei yake. Tulichofanya ni kidogo: tukaongeza ndizi mbivu shimoni, tukatia na maparachichi yaliyoiva, ambayo hutoa ethilini nyingi, na tukaziba vizuri mwanya wa moshi. Tumeokoa kama siku moja.

Mnunuzi mmoja amerudi. Mwingine bado anachukua za kabaidi, na Jumamosi iliyopita Mama alibaki na mikungu mitatu iliyoiva kupita kiasi. Akamuuzia mpika mbege kwa nusu bei, kisha akaenda kulifagia shimo.