Mwenye Nguvu na Amngoje Mwenzake

Akina mama wenzangu, najua mtashangaa. Mama aliyevuka miaka arobaini, muuguzi, mwenye watoto watatu na kazi za kanisa, amefuata nini kwenye mashindano ya baiskeli ya siku nne milimani? Wengi wameniuliza swali hilo, na wengine waliniuliza huku wakicheka. Leo napenda kulijibu, kwa sababu jibu lenyewe linahusu ndoa kuliko baiskeli.

Tunaishi Uingereza, katika mji wa Sheffield. Mume wangu hufanya kazi mchana, nami kwa miaka mingi nilifanya zamu za usiku. Yeye akirudi, mimi natoka. Mambo ya nyumba tulikuwa tukiandikiana kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: mtoto ana homa, bili ya umeme imekuja, chakula kiko kwenye sufuria. Hatukuwa tukigombana. Lakini, mpendwa msomaji, nyumba isiyo na ugomvi yaweza pia kuwa nyumba isiyo na mazungumzo. Tulikuwa kama wapangaji wawili chini ya paa moja.

Mwaka 2020 daktari alimwambia mume wangu kwamba sukari katika damu yake imeanza kupanda, na asipobadili maisha atapata kisukari. Akanunua baiskeli ya milimani, ile yenye matairi mapana na springi mbele. Mji wetu umepakana na vilima vya Peak District, kwa hiyo njia hazikosekani. Baadaye nami nikanunua yangu, iliyokwisha kutumika. Jumamosi moja moja tukawa tunatoka pamoja. Mwishoni mwa Aprili 2023 tukasafiri hadi kisiwa cha Cyprus, ambacho Biblia yetu hukiita Kipro, tukaingia katika mashindano.

Mashindano ya namna hii hayaamuliwi kwa siku moja. Kila siku ina kipande chake cha njia, na muda wa siku zote hujumlishwa. Usipomaliza kipande kimoja, umetoka katika hesabu. Yako mashindano ambayo watu huingia wawili wawili. Yale ya Cape Epic ya Afrika Kusini, yaliyoanza mwaka 2004, huwataka wenzi wasiachane kwa zaidi ya dakika 2, na wakiachana huadhibiwa. Yetu hayakuwa na sharti hilo, kila mtu alishindana kivyake. Lakini usiku wa kuamkia siku ya kwanza mume wangu aliniambia, "Mama, sisi tufuate ile sheria ya Afrika Kusini." Nikakubali.

Kisiwa kile ni kizuri. Katikati yake imesimama milima ya Troodos, ambayo kilele chake kina urefu wa mita 1,952. Sisi tulipita chini zaidi, upande wa mashariki, kwenye misitu ya misonobari inayoizunguka Monasteri ya Machairas. Barabara za msituni ni za vumbi na kokoto. Hupanda taratibu kwa kilomita nyingi, kisha hushuka ghafla kwenye vijia vya mawe, mpaka vidole vinakufa ganzi kwa kushika breki.

Siku mbili za kwanza mume wangu alinizidi kwa mbali. Hata hivyo, kila baada ya kona chache nilimkuta amesimama, mguu mmoja chini, ameshika ndizi aliyonimenyea. Watu walikuwa wakimpita, hata wazee kuliko yeye. Hakuniambia nifanye haraka. Alisema tu, "Kunywa maji, mama, halafu twende." Mara ya kwanza niliona aibu. Mara ya kumi nilikuwa nikiitazamia kona inayofuata, si kwa sababu ya ndizi.

Siku ya tatu jua lilichoma tangu asubuhi. Tulipokaribia kilomita ya 40 niliona dalili ambazo muuguzi hawezi kuzipuuza. Mume wangu alikuwa amepauka, jasho linamtiririka huku akisema anasikia baridi, ana kichefuchefu, na mapigo ya mkono yanakwenda mbio. Joto lilikuwa limemshinda. Nilimlaza kivulini chini ya msonobari, nikamvua kofia ya usalama, nikamlowesha kichwa na shingo, nikampa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Nilimwuliza tarehe za kuzaliwa za watoto wetu, akazitaja zote sawasawa. Siku za kawaida huwa anazisahau! Akina mama, lishikeni hili: mtu aliyezidiwa na joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akizimia, hiyo ni hatari ya kifo. Mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na mwite msaada mara moja.

Alipopata nafuu alisema, "Mama, leo wewe ndiye mwenye nguvu. Nenda ukamalize. Mimi gari litanichukua."

Ni kweli, nilikuwa na nguvu. Zilibaki kilomita 18. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa miezi minane, mara nyingine nikitoka zamu asubuhi na kupanda baiskeli kabla ya kulala. Niliitaka ile medali, wala sioni haya kusema hivyo. Nilitazama waliokuwa wakipita, kisha nikailaza baiskeli yangu kwenye majani na kuketi.

"Dakika 2," nikamwambia. Akacheka, halafu akalia.

Gari la waandaaji lilichukua karibu saa nzima kufika, na katika saa hiyo mume wangu alizungumza. Baba yake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, naye akiwa kijana wa miaka 16 ndiye aliyekuwa akimwogesha. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba tangu siku ile ya daktari alikuwa akilala macho wazi, akijishika vidole vya miguu gizani kuona kama bado vina hisia. Miaka mitatu aliogopa usiku peke yake, saa zile zile mimi nikiwa wodini nimeshika mikono ya wagonjwa wa watu wengine. Kwenye karatasi za friji hakuwahi kuliandika. Lingeandikwaje?

Jioni ile tulisoma Matendo ya Mitume, kwa kuwa tulikuwa katika nchi ya Barnaba. Yeye na Paulo walikivuka kisiwa kile kutoka Salami hadi Pafo, na kijana Marko akiwahudumia. Baadaye Marko aliwaacha njiani. Safari ya pili Paulo alikataa kumchukua tena, wakashindana mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua yule aliyerudi nyuma, akasafiri naye kwa meli mpaka Kipro. Maandiko hayatusimulii mengi zaidi juu ya safari yao. Lakini katika barua yake ya pili kwa Timotheo, Paulo mwenyewe anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Yule aliyengojewa alifika.

Siku ya nne tulisimama kwenye mstari wa mwisho tukawapigia makofi wenzetu. Hatukupata medali. Tuliporudi niliomba kupunguziwa zamu za usiku, na mshahara ukapungua. Karatasi za friji bado zipo, lakini ni za bili tu. Mengine tunaambiana.

Dada mpendwa, huhitaji baiskeli wala safari ya ng'ambo. Kutembea na mumeo hadi sokoni na kurudi kunatosha. Chunguza tu ni nani aliye mbele mwaka huu, na ni nani amebaki kwenye kona akihema. Kama ni wewe mwenye nguvu, simama. Kama ni yeye, usione aibu kungojewa. Mungu azibariki nyumba zetu.