Kitungule Mzee Nyumbani Mwetu

Pamba aliingia nyumbani mwetu ndani ya kikapu cha ukili, naye wakati huo hakuzidi ngumi ya mtu mzima. Binti yetu alikuwa darasa la pili. Miaka tisa imepita tangu siku hiyo. Binti sasa yuko shule ya bweni, huja likizo tu, na asubuhi aliyofunga sanduku lake kwa mara ya kwanza alituachia wasia mmoja: Pamba asilale penye maji. Tulicheka. Hatukutambua kwamba tumekabidhiwa amana.

Wengi wetu twamjua sungura, au kitungule kama wasemavyo wazee, kwa kumuona bandani, akifugwa miezi michache kisha akachinjwa. Ni halali, wala hatuna neno juu ya hilo. Anas bin Malik amepokea kwamba walimkimbiza sungura pale Marr al-Dhahran, Abu Talha akamchinja, na Mtume (S.A.W.) akalikubali paja alilopelekewa. Lakini kwa kuwa huliwa angali kijana, ni wachache waliopata kumuona sungura mzee. Akitunzwa huishi miaka minane, hata kumi na kuzidi, na uzee wake wafanana sana na wa binadamu: viungo hukauka, mgongo hukakamaa, na miguu ya nyuma huishiwa nguvu.

Kwa Pamba mambo yalianza polepole. Aliacha kupanda kidaraja cha uani. Kisha akawa anateleza juu ya vigae vya sebule, miguu ikifunguka huku na huku. Kisha akaanza kukojoa pale pale alipoketi, yeye aliyekuwa na pembe yake moja ya haja tangu udogo. Tulimdhania mvivu, na kusema kweli tulimkaripia. Baadaye daktari wa mifugo alitufahamisha kwamba sungura mwenye maumivu ya mgongo hawezi kuinua makalio yake vizuri akojoapo, hivyo mkojo humrudia mapajani, ukaunguza ngozi. Tena sungura ana choo cha namna mbili. Kile kikavu cha mviringo twakijua sote. Kingine ni laini, cha kushikamana kama zabibu ndogo, nacho hukila mwenyewe moja kwa moja kitokapo, kwa kuwa kina lishe ambayo tumbo halikuimaliza mara ya kwanza. Mzee asiyeweza kupinda shingo hadi huko hukosa chakula hicho, na badala yake humgandia kwenye manyoya. Tuliyemwita mchafu alikuwa mgonjwa.

Hata baada ya kuelezwa haya, tulizembea. Ilipofika Idd tulikwenda Malindi kwa jamaa, siku mbili tu. Tulimwomba mtoto wa jirani amtilie majani na maji, naye alifanya kama alivyoambiwa, Mwenyezi Mungu amlipe. Sisi ndio tulioacha kumwambia amgeuze na kumtazama chini. Tuliporudi Pamba hakuja mbele. Alikuwa amejikunyata pembeni akisaga meno kwa sauti, na kwa sungura hiyo ndiyo namna ya kulia. Tulipomwinua tulikuta manyoya ya nyuma yamelowa, na ndani yake mabuu ya inzi yakitembea.

Hatutaeleza zaidi ya hapo, maana gazeti hili husomwa mezani. Itoshe kusema kwamba inzi huvutwa na unyevu na harufu, mayai yake huanguliwa hata kabla siku haijatimia, na mabuu huanza kuila ngozi ya mnyama angali hai. Jambo hili halingoji kesho. Tulimpeleka kwa daktari saa ile ile, na nguo zetu za Idd mwilini. Aliyatoa mmoja mmoja kwa kibano, akamnyoa, akampiga sindano, akatuambia tumshukuru Mola kwamba hatukulala Malindi usiku mmoja zaidi.

Usiku huo shemeji yetu alisema lile ambalo wengi wangelisema: kwamba angelikuwa wake angemchinja, mambo yakaisha. Hakusema kwa ukatili. Daktari alikuwa ametuonya kwamba nyama yake isiliwe kwa muda kwa sababu ya dawa, kwa hiyo kuchinja kusingekuwa kwa ajili ya chakula, bali kwa ajili ya kupumzika sisi. Tulikaa kimya. Mama mkwe, ambaye kwa sababu ya magoti husali akiwa kitini, alikuwa akivuta tasbihi yake kando. Aliuliza tu, “Bado ala?” Tukamjibu kwamba alikuwa amekula kijani cha dania mkononi mwa daktari. “Basi,” akasema, akaendelea na tasbihi.

Lililokuwa zito zaidi ni kumwambia mwenyewe. Siku ya kutembelea wanafunzi tulimpelekea binti yetu mahamri na kuku wa kupaka, tukamweleza habari yote bila kuficha. Hakulia. Aliuliza, “Kwani hamkumkausha?” kisha akaangalia upande mwingine, na chakula hakukigusa mpaka tulipokaribia kuondoka. Twaijua vyema hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Yule hakumlisha paka wake; sisi tulimlisha wetu. Siku hiyo, mbele ya mtoto, hoja hiyo haikutufaa kitu.

Tangu hapo Pamba hutazamwa mara mbili kwa siku, baada ya alfajiri na baada ya alasiri. Sakafu yake tumeitandika mkeka, juu yake taulo kuukuu zilizokunjwa, kwa sababu sakafu tupu humtelezesha na kumchubua nyayo. Taulo iliyolowa huondolewa papo hapo. Chombo chake cha haja tulikikata ukingo mmoja ukawa chini kabisa, apite bila kuruka. Maji twamwekea katika bakuli pana, si chupa ya kuning’inia, ili asilazimike kunyoosha shingo. Nyasi kavu ziko mbele ya pua yake mchana na usiku, kwani sungura aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari.

Katika kumsafisha tulikosea mwanzoni kwa kumtia mzima ndani ya beseni. Sungura haogeshwi hivyo; hushtuka, hupata baridi, na akipiga teke kwa hofu aweza kuvunja mgongo wake mwenyewe. Huoshwa sehemu iliyochafuka tu, kwa maji ya uvuguvugu, mkono mmoja umebeba makalio yake. Uchafu uliogandamana haung’olewi, hulainishwa kwa maji mpaka uachie wenyewe. Kisha hukaushwa, hapo ndipo penye kazi hasa: taulo ya kwanza, taulo ya pili, vidole kupekua mpaka kwenye shina la manyoya. Manyoya ya mapajani tumeyapunguza kwa mkasi usio na ncha, mmoja akishika, mwingine akikata, maana ngozi ya sungura ni nyembamba mno. Pakiwa na uchafu mkavu usiohitaji maji, twampaka konfulawa kidogo, ule unga wa kupikia kastadi, tukachana taratibu, tukiangalia usimruke puani.

Dawa ya maumivu hupewa kwa kipimo cha daktari. Tulipokuwa bado wageni wa mambo haya, duka moja lilitaka kutuuzia dawa ya unga ya kuku. Daktari alitukataza vikali: zimo antibiotiki za jamii ya penisilini ambazo sungura akizimeza humharibu tumbo na kumuua.

Kina mama wa darsa yetu ya Alhamisi wametuuliza kuhusu najisi, na ni swali la haki, maana wao huketi sebuleni humo humo. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mkojo na choo cha kila mnyama ni najisi, hata yule anayeliwa. Kwa hiyo kuna leso moja ya kazi, kuukuu, ambayo huvaliwa wakati wa kumhudumia Pamba na haiingii kwenye swala. Taulo zake huondolewa uchafu kwanza kisha humiminiwa maji mpaka athari iishe, wala hazichanganywi na nguo zetu katika beseni moja. Mwenyewe akiwa mkavu si najisi, na unyoya wake uliodondoka msalani haubatilishi kitu, kwani ni wa mnyama anayeliwa. Hata hivyo misala yetu tumeipandisha orofani, roho zitulie.

Harufu nayo ilikuwa ikitutia haya. Desturi yetu ni kufukiza udi kabla wageni hawajafika, na mwanzoni tulizidisha chetezo hadi nyumba ikawa ukungu. Pamba alipiga chafya jioni nzima. Mapafu yake hayastahimili moshi, na isitoshe udi hauondoi mkojo uliolala chini ya mkeka. Siku hizi tunafukiza juu, yeye akiwa uani, na chini twatumia maji na siki. Hakuna mgeni aliyelalamika. Mmoja aliuliza kama bado tunafuga.

Wakati wa kaskazi ndio mgumu. Sungura hatoi jasho, hupoza mwili kwa masikio, na joto letu la Februari laweza kumuua mzima, licha ya mzee. Twagandisha maji katika chupa ya plastiki, twaivisha soksi, twailaza ubavuni mwake. Huiegemea na kufumba macho. Na inzi wa musimu huo tumewakinga kwa kipande cha chandarua cha kitanda.

Likizo ya Agosti binti yetu alirudi. Kabla ya kuvua buibui alikwenda uani, akapiga magoti, akamgeuza Pamba tumbo juu kiganjani, akapekua manyoya kwa kidole, mapaja yote mawili, kisha chini ya mkia. Sisi tulisimama mlangoni tukimngoja kama watahiniwa. Akamrudisha juu ya taulo, akanusa kidole chake.

“Mkavu,” akasema, kisha akatuomba maji ya kunawa.