Udhu wa maji ya chumvi

Tulipokuwa Mombasa tulivuka feri ya Likoni na familia, tukashinda Diani. Adhuhuri ikatukuta ufukweni. Mama yangu, aliyezoea maji ya mfereji huku Kikwe, akasita: "Chumvi yote hii mwanangu, udhu utasihi?"

Swali hilo la zamani. Mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.): tunapanda bahari na maji machache, tukitawadhia tutapata kiu, je, tutawadhe kwa maji ya bahari? Akajibu kuwa maji yake yanatwaharisha, na mfu wake ni halali. Mama akatawadha, tukasali mchangani.

Basi wewe unayeiacha swala kwa sababu ya matembezi, una udhuru gani? Msafiri umepunguziwa: Adhuhuri mbili, Alasiri mbili, Isha mbili. Magharibi hubaki tatu.