Vikamba Miguuni

Picha ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga ina kasoro mbili, nazo zinaning'inia kwenye miguu ya ndege.

Ni mwewe, wa aina ile yenye kifua cheupe na mkia wa rangi ya matofali, tuliyezoea kumwona juu ya nguzo za umeme njia ya Naivasha. Amejaa picha nzima. Mabawa yameinuka, makucha yametangulia, jicho limenikazia. Na kila mguu una kikamba cha ngozi.

Nilimpiga katika kituo kimoja cha kutibu ndege wawindaji, si mbali na ziwa. Nilikwenda nikidhani kazi ni rahisi. Ndege amefugwa, anaruka kutoka glavu ya mzee anayemtunza hadi glavu ya kijana msaidizi, nawe umesimama mita nne tu pembeni. Utamkosaje? Wacha we! Saa nzima ya kwanza niliambulia mikia, anga tupu na mabawa nusu. Kumbe ukaribu ndio ugumu wenyewe. Ndege wa mbali unamfuata taratibu kwa lenzi. Wa karibu anapita kama mlango uliobamizwa na upepo, na kamera inashika majani ya nyuma yake.

"Dada, usimfukuze," mzee akaniambia. "Jua anapotua, umngoje hapo."

Akanionyesha. Mwewe hutua akiukabili upepo, na kabla ya kugusa glavu hutandaza mabawa na mkia kama anayefunga breki. Basi nikabadilisha lenzi nikaweka fupi, kasi 1/2500 ya sekunde, nikalenga hatua moja mbele ya glavu, nikapiga goti nikatulia. Asubuhi alikuwa amepimwa kwenye mizani, kama kila siku, maana ndege aliyeshiba haitiki wito. Kijana akainua kipande cha nyama. Mara ya kumi na kitu, nikampata. Upepo wa bawa lake ulinigusa shavuni.

Nikauliza kwa nini hawamwachilii. Mzee akalikunjua bawa la kushoto polepole. Mfupa uliunga vibaya. Anaweza kuruka hatua arobaini, lakini hawezi kuelea angani kutwa akitafuta chakula.

"Jiwe," mzee akasema. "Watoto."

Nikanyamaza. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Kule Molo kwa nyanya, kivuli cha mwewe kikipita uani tulitoka mbio na mawe, tukipiga mayowe, na nyanya akitusifu kwa kuokoa vifaranga. Hakuna aliyetuambia kwamba mwewe huyu hula sana fuko, wale wale waliokuwa wakimaliza viazi vyake shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege wawindaji walioonekana kando ya barabara za Kenya tangu miaka ya 1970, ulionyesha kuwa amepungua kwa takriban asilimia 90. Si mawe peke yake, najua. Kuna sumu, kuna nyaya za umeme. Lakini mawe nayajua kwa mkono wangu.

Nyumbani niliifungua picha kwenye kompyuta nikavifuta vile vikamba. Kazi ya dakika tano, safi kabisa. Akawa mwewe huru juu ya bonde, asiyemdai mtu chochote. Mashindano mengi ya picha za wanyamapori hutaka useme kama mnyama amefugwa, lakini mimi sikuwa na mpango wa kushindana. Ilikuwa ya kutundika sebuleni tu. Nani angeuliza?

Nilikaa nayo siku mbili. Picha ile ilinisamehe haraka mno. Nikavirudisha vikamba.

Sasa ipo ukutani. Mgeni akiuliza kamba zile ni za nini, namweleza habari za bawa na jiwe. Juzi mpwa wangu akataka kujua zaidi.

"Shangazi, nani alirusha?"

"Watoto," nikamjibu, nikaenda jikoni kutazama chai.