Kamukunji, ambako jiko lako lilizaliwa

Mgeni anayeteremka kwenye kituo cha mabasi ya mashambani jijini Nairobi, kile ambacho wengi hukiita Machakos, hana haja ya kuuliza njia ya kwenda kwa mafundi wa Kamukunji. Masikio yake yatamwongoza. Hatua chache tu kutoka hapo atasikia mamia ya nyundo zikigonga bati kwa wakati mmoja, kila nyundo na mdundo wake. Sauti hiyo huanza asubuhi na mapema na hainyamazi hadi jua linapokaribia kutua. Watu wawili wakitaka kuelewana hapo, sharti mmoja amwinamie mwenzake sikioni.

Wapenzi wa siasa wanalijua jina la Kamukunji kwa sababu nyingine. Ni katika uwanja wa Kamukunji ambapo mkutano wa kudai vyama vingi uliitishwa tarehe 7 Julai 1990, siku ambayo Wakenya wameiita Saba Saba hadi leo. Lakini kwa mama wa nyumbani wa Eastlands, na kwa mzazi ambaye mtoto wake ameitwa kidato cha kwanza, Kamukunji ni mambo mengine kabisa. Ni sanduku la bati la kupeleka shuleni, ni karai la kukaangia maandazi, ni sufuria ya kupikia watu mia moja siku ya arusi, ni wilibaro, ni koroboi. Zaidi ya yote, Kamukunji ni jiko la makaa.

Mafundi hawa ndio walioipa nchi yetu neno "jua kali". Zamani walifanya kazi pasipo paa, jua likiwachoma utosini mchana kutwa, na jina hilo likawaganda. Katikati ya miaka ya 1980, Rais Daniel arap Moi alizuru Kamukunji, na baadaye mabanda yakajengwa. Mwaka 1988 Serikali iliunda wizara ya mafunzo ya kiufundi ambayo pia ilishughulikia mafundi hao, na mwaka 1992 ukatolewa waraka rasmi wa Bunge kuhusu biashara ndogo ndogo na jua kali. Mabanda hayo, hata hivyo, yalijaa zamani. Ukipita leo utaona mafundi wamemwagika hadi kandokando ya njia, wengine wamefunga turubai kuwa ndiyo paa lao. Kivuli kimepatikana kwa wengine, lakini jina limebaki kwa wote.

Ebu tusimame kidogo karibu na fundi wa majiko tumtazame. Hana mtambo wa umeme. Fuawe yake ni kipande cha reli kuukuu kilichochimbiwa ardhini. Vifaa vyake ni nyundo, tindo, mkasi wa kukatia bati na kipimo alichokichonga mwenyewe. Mali ghafi yake ni pipa la mafuta la lita 200 lililokwisha kazi yake. Pipa hupasuliwa kwa tindo, hunyooshwa kwa nyundo hadi liwe bati bapa, kisha huchorwa kwa kufuata kipimo na kukatwa vipande. Kimoja kitakuwa sehemu ya juu ya jiko, kingine sehemu ya chini, vingine miguu, mkono, kilango cha kuingizia hewa na vyuma vitatu vya kuwekea sufuria. Fundi mmoja hukata, wa pili hukunja, wa tatu huunganisha. Kijana aliyemaliza shule juzi ameketi kando akijifunza kwa macho kabla hajakabidhiwa nyundo.

Jiko lililotumika mijini kwa miaka mingi lilikuwa la bati tupu. Inasemekana kwamba lililetwa na mafundi wa Kihindi waliokuja nchini wakati wa ujenzi wa reli. Jiko hilo lilikuwa rahisi kununua, lakini lilikuwa mlaji mkubwa. Bati halihifadhi joto. Makaa yakiwaka, joto jingi hupita ubavuni na kupotea hewani, na mpishi hubaki akiunguzwa miguu badala ya sufuria kuchemka. Isitoshe, bati lenyewe huliwa na moto, na baada ya miezi michache kitako hutoboka. Mama alilipa mara mbili: kwa mwenye makaa kila siku, na kwa fundi kila mara jiko lilipotoboka.

Mabadiliko yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mnamo Agosti 1981, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na nishati isiyokwisha. Wakati huo bei ya mafuta ilikuwa imepanda ulimwenguni kote, na watu walihofia kwamba misitu ingemalizwa na makaa. Wataalamu waliyatazama majiko ya Thailand, ambayo yana umbo la ndoo na ambayo ndani yake mna udongo uliochomwa. Miongoni mwa Wakenya waliolishughulikia wazo hilo ni Maxwell Kinyanjui, na shirika la KENGO lilisaidia kulieneza na kuwafunza mafundi.

Hapa pana funzo kubwa. Jiko la Thailand halikufaa kuletwa hapa jinsi lilivyo. Mpishi wa Kenya husonga ugali, naye anayesonga ugali hutumia nguvu za mabega. Jiko lenye kitako chembamba huyumba, na kama sufuria ikipinduka, chakula kimekwenda na mtu ameungua. Aidha, udongo mzito uliojaza jiko zima ulipasuka haraka. Ndipo likabuniwa umbo tunalolifahamu leo: pana juu, limebanwa kiunoni, na pana tena chini ili lisimame imara. Udongo ukawekwa sehemu ya juu peke yake, pale makaa yanapokaa, ukiwa na matundu ya kuangushia majivu. Kati ya udongo na bati hujazwa saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisitoroke.

Almuradi, kila upande ulitoa ulichonacho. Mfinyanzi alileta udongo na joko la kuuchomea, fundi wa bati akaleta nyundo yake, na akina mama waliojaribu majiko hayo majumbani wakasema wazi lipi linafaa na lipi linasumbua. Majiko mengi yaliyobuniwa na wataalamu peke yao katika nchi mbalimbali yamekufa kifo cha kimya, maana mpishi hakuulizwa. Hili la Kenya lilienea. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, majiko zaidi ya 700,000 yalikadiriwa kuwa yanatumika humu nchini. Jamaa zake zikazaliwa ng'ambo ya mipaka: Ethiopia wakaliita Lakech, na Ghana wakaliita Gyapa.

Faida yake inafahamika na kila anayebeba kikapu sokoni. Likitengenezwa vizuri, jiko la udongo huokoa kati ya thuluthi moja na nusu ya makaa ambayo jiko la bati lingeteketeza. Tuseme nyumba fulani ilikuwa ikimaliza makopo matatu ya makaa kwa siku, na sasa inatumia mawili. Kwa mwezi wa siku 30, makopo 30 yamebaki kwa muuzaji na bei yake imebaki mfukoni. Hesabu hiyo ndiyo iliyoliuza jiko, wala si mahubiri kuhusu misitu.

Lakini penye wengi pana mengi. Umbo la jiko hili halikufungwa na mtu mmoja kwa hati miliki, kwa hivyo kila fundi aliweza kuliiga. Kwa upande mmoja, bei ilishuka na jiko likamfikia mnyonge. Kwa upande wa pili, walitokea wanaotumia udongo usiochomwa sawasawa, wanaobana saruji, au wanaotumia bati jembamba kama karatasi. Kwa macho, jiko zuri na jiko bovu ni pacha, na tofauti huonekana wiki ya tatu, udongo unapopasuka na kudondoka vipande.

Ndiyo sababu mnunuzi mjuzi wa Kamukunji hanunui kwa macho. Utamwona mama ameinama, anagonga udongo kwa kidole kilichokunjwa na kutega sikio. Udongo ulioiva motoni hulia kama chungu kizima, nao uliopasuka au uliochomwa nusu hutoa sauti nzito iliyokufa. "Gonga tena, mama, usikie mwenyewe," fundi atamhimiza. "Nimesikia, kijana wangu, lakini bei nayo umeipandisha mno," mama atajibu, na hapo mapatano yataanza. Muuzaji anayekataa jiko lake ligongwe, muage kwa heshima uende banda la pili.

Jiko jipya nalo lina miiko yake. Siku ya kwanza lisijazwe makaa pomoni. Liwashwe kwa moto mdogo ili unyevu uliomo katika udongo na saruji utoke polepole. Maji yasimwagwe ndani yake likiwa moto, maana udongo unaopoa ghafla hupasuka. Majivu yaondolewe kila mara ili hewa ipite chini. Anayeyafuata haya atakaa na jiko lake muda mrefu kuliko jirani anayelizima kwa sufuria ya maji.

Huenda msomaji wa mtaa wa ghorofa akauliza: je, jiko la makaa lina maisha gani katika nyakati hizi za gesi? Swali ni la haki. Mitungi ya kilo 6 na ya kilo 13 imeingia hata katika nyumba za chumba kimoja. Mafuta taa, ambayo zamani yalikuwa tegemeo la wanafunzi na makapera, yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, na stovu nyingi zikatupwa chini ya kitanda. Mwaka huo huo Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Kaunti ya Kitui ikazuia makaa yake kusafirishwa, na bei ikapanda mijini. Gesi nayo ilitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ukaondolewa mwaka 2023. Kila bei inapobadilika, jikoni nako mambo hubadilika.

Hata hivyo, jamaa za mjini hazikutupa kifaa cha zamani kwa sababu kipya kimefika. Ziligawa kazi. Chai ya asubuhi na mayai ni ya gesi, maana mtoto anangojwa na basi la shule. Githeri na maharagwe, ambayo huchemka kwa saa nyingi, ni ya makaa siku ya Jumamosi, kisha hugawanywa katika vikopo na kuwekwa kwenye friji ili yatoshe wiki nzima. Chapati za wageni wengi hurudi kwa makaa. Na mtungi unapoisha usiku wa tarehe 25, kabla ya mshahara, jiko la Kamukunji hushushwa kutoka juu ya kabati bila manung'uniko. Akiba haiozi.

Hatari moja, lakini, ni lazima itajwe bila kuumauma maneno. Jiko lililobuniwa lipikiwe nje au penye hewa limehamia katika vyumba vilivyofungwa. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, wapo wanaoliingiza ndani kulala nalo ili wapate joto. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwenye kuivuta huhisi kichwa kizito na usingizi, naye hufikiri ni uchovu tu wa kutwa. Asubuhi majirani huvunja mlango. Jiko la udongo linatumia makaa machache, lakini sumu hiyo linayo vilevile. Kutoona moshi si dalili ya usalama, na makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanapumua. Mwanafunzi anayepanga chumba kwa mara ya kwanza na aambiwe haya kabla ya kununuliwa sufuria. Jiko liwashwe nje, lipikiwe penye dirisha na mlango wazi, na usiku lilale nje. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Tukirudi kwa mafundi wenyewe, wao wanajua fika kwamba siku za makaa zinahesabiwa. Viwanda vya kisasa vimeanza kutengeneza majiko ya chuma yenye umbo la kupendeza, na madukani gesi inauzwa kila kona. Mtu akidhani kwamba Kamukunji itakufa kwa hayo hajaifahamu. Mafundi hao hao sasa hutengeneza vikaango vya chipsi vinavyotumia gesi na vyombo vya kulishia kuku. Mteja akifika na mchoro alioukwangua nyuma ya risiti, fundi atautazama, atakuna kichwa na kuuliza vipimo. Nyundo hiyo imesomesha watoto wengi, na baadhi yao wamefika vyuo vikuu wakiwa na masanduku yaliyokunjwa na baba zao.

Kwa hivyo, mzazi mwenzangu, Jumamosi moja wachukue watoto uende nao Kamukunji. Waache waone pipa likigeuka jiko, na wajifunze kugonga udongo na kutega sikio. Nenda mapema kabla jua halijawa kali, vaa viatu vilivyofunika vidole kwa ajili ya vipande vya bati, na uishike mikono ya wadogo. Na ukifika bei, patana kwa utu. Mgala muue, na haki yake umpe.